Lumbesa Angani: Historia Fupi ya Uzito na Mizani ya Ndege

Baada ya wiki kadhaa za hifadhidata na seva, leo nataka tupumzike kidogo, tuzungumze kuhusu ndege. Wale wa programu msiondoke, kwa sababu njia hii itazunguka na kuturudisha kwenye msimbo wetu wenyewe, tena mahali panapouma.

Nianzie nyumbani, Nunguni. Kwa asiyepajua, Nunguni ni soko lililokaa juu ya vilima vya Kilungu, katika Kaunti ya Makueni. Ukitoka Nairobi unafuata Barabara ya Mombasa, ukifika Salama unakata kona na kuanza kupanda. Kuna baridi, kuna mashamba ya matuta kwenye miteremko, na siku ya soko kuna magunia: kabichi, sukuma wiki, maparachichi. Mjomba wangu alikuwa utingo wa pikapu iliyokuwa ikitoa mboga kwenye mashamba ya bondeni na kuzileta sokoni, na siku za likizo nilikuwa naye kule nyuma, juu ya mzigo.

Siku moja tulipakia haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Sukuma wiki, ambayo ni nyepesi, ilitangulia ikakaa mbele. Kabichi zilikuja mwisho, zikakaa nyuma kabisa, mpaka mlango wa nyuma ukashindwa kufungwa. Tulipoanza kupanda, dereva akakata usukani kushoto na gari likaendelea moja kwa moja kana kwamba halijasikia. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanagusa barabara kwa mbali tu. Dereva akasimama, akashuka akiwa amebadilika rangi.

Mimi nilidhani tutaacha magunia mawili matatu pale njiani. Mjomba hakuacha hata moja. Alipanda juu, akahamisha kabichi zikaja mbele, zikaegemea nyuma ya vichwa vya dereva na abiria wake, na sukuma ikarudi mkiani. Tukapanda mlima bila shida. Gari ni lile lile, mzigo ni ule ule, kilo ni zile zile. Nilipomuuliza akasema, "Mzigo una maswali mawili, mwanangu. Ni mzito kiasi gani, na umekaa wapi? Watu wengi huuliza la kwanza tu."

Nilikuja kugundua ukubwani kwamba marubani wana somo zima linaloitwa uzito na mizani, na kwamba somo hilo lote ni maswali ya mjomba. Leo nataka kuwapa historia yake, kwa sababu ina funzo kwetu sisi tunaoandika programu.

Hesabu yenyewe

Kila ndege ina uzito wa juu kabisa ambao hairuhusiwi kuupita inaporuka. Hilo ni swali la kwanza. La pili ni kitovu cha uzito, yaani ile nukta ambayo kama ungeweza kuitundika ndege nzima kwa kamba moja, ingetulia bila kuinamisha pua wala mkia. Nukta hiyo lazima iangukie ndani ya kipande kifupi kilichowekwa na mtengenezaji.

Ikienda mbele mno, pua inakuwa nzito. Rubani anavuta usukani, ndege inachelewa kunyanyuka, na njia ya kurukia inaisha. Ikirudi nyuma mno ni hatari zaidi. Pua inataka kupanda yenyewe, na kuiendesha ndege ni kama kusimamisha fimbo kwenye kidole. Pua ikipanda kupita kiasi, hewa inaachana na bawa, na bawa linaacha kubeba.

Kuitafuta nukta hiyo hakuhitaji hisabati kubwa. Unachagua mstari wa sifuri, tuseme kwenye pua ya ndege. Kila kitu kilichomo unakipima uzito, na unapima umbali wake kutoka mstari ule. Unazidisha uzito kwa umbali. Unajumlisha majibu yote, kisha unagawanya kwa jumla ya uzito. Basi. Hii hapa ndege ndogo ya mfano, niliyoibuni mwenyewe:

Ndege tupu: kilo 1,000 × mita 2.0 = 2,000
Rubani na abiria wa mbele: kilo 150 × mita 2.0 = 300
Abiria wawili wa nyuma: kilo 140 × mita 3.0 = 420
Mizigo: kilo 60 × mita 3.7 = 222
Mafuta lita 150: kilo 108 × mita 2.2 = 237.6
Jumla: kilo 1,458, na 3,179.6

Gawanya 3,179.6 kwa 1,458 upate mita 2.18. Tuseme mtengenezaji ameruhusu kati ya 1.95 na 2.20. Tuko salama. Sasa abiria wa mbele, mwenye kilo 75, aseme anataka kukaa nyuma na wenzake wapige gumzo, na nafasi ipo. Kilo zake zimehama kutoka mita 2.0 hadi mita 3.0, kwa hivyo jumla ya pili inaongezeka kwa 75 na kuwa 3,254.6. Gawanya tena: mita 2.23. Tumetoka nje ya mpaka, na hakuna kilo hata moja iliyoongezeka. Ndiyo maana katika ndege ndogo utaambiwa, "Samahani, naomba uhamie kiti kile," hata kama viti vingi ni vitupu.

Mafuta nayo yameandikwa kwa kilo, ingawa pampu inauza kwa lita. Petroli ya ndege ndogo ina uzito wa kama kilo 0.72 kwa lita moja. Shikeni hilo, tutalirudia.

Je, watu kuhama ndani ya ndege kunaweza kuiangusha kweli? Tarehe 25 Agosti 2010 ndege aina ya Let L-410 ilianguka karibu na uwanja wa Bandundu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kati ya watu 21 waliokuwemo alipona mmoja tu. Manusura huyo alisimulia kwamba mamba aliyekuwa amefichwa ndani ya begi alitoka, watu wakaingiwa na hofu, wakakimbilia mbele wote kwa pamoja, na ndege ikapoteza mizani. Ni simulizi ya mtu mmoja. Lakini chukueni hesabu ya hapo juu, hamisheni watu kumi na kitu hadi mlango wa rubani, mtaona kwamba hesabu haimkatalii.

Enzi ya mizani

Historia hii ninaigawa mara tatu: enzi ya mizani, enzi ya wastani, na enzi ya programu.

Mwanzoni kila kitu kilipimwa, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kukosea. Ndugu Wright walipofanikiwa kuruka tarehe 17 Desemba 1903, safari yao ya kwanza ilidumu sekunde 12. Ndege zao za mwanzo zilikuwa na kichaa cha kupanda na kushuka kama mashua kwenye mawimbi, na mojawapo ya dawa walizojaribu mwaka uliofuata ilikuwa kufunga vyuma vizito mbele. Mjomba angewaelewa mara moja.

Huku kwetu usafiri wa ndege ulianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi. Mwaka 1931 Imperial Airways ilifungua njia ya kutoka London hadi Mwanza, kupitia Khartoum na Kisumu, na sehemu ya njia hiyo ilitumia ndege zinazotua majini, pale Ziwa Victoria. Katika ndege za miaka hiyo abiria alipandishwa kwenye mizani pamoja na mizigo yake kama gunia la kahawa. Hakuna aliyeona ni kukosewa heshima. Ndege ilibeba watu wachache, kwa hivyo mtu mmoja mnene alikuwa sehemu kubwa ya hesabu.

Mwaka 1936 Beryl Markham, rubani aliyekulia Kenya, aliruka kutoka Abingdon nchini Uingereza tarehe 4 Septemba, peke yake, kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi. Ndege yake, Percival Vega Gull, ilikuwa imeongezewa matangi ya mafuta mahali ambapo kwa kawaida hukaa watu. Fikirieni hesabu yake. Mafuta ndiyo mzigo mkubwa, na mzigo huo unapungua kila dakika. Lazima mizani iwe sawa wakati wa kuruka na iwe sawa saa 20 baadaye, matangi yakiwa karibu matupu. Alimaliza safari kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, pua ya ndege ikiwa imezama matopeni, akiwa hai. Kilichomshusha kilikuwa mafuta kukoma kufika kwenye injini, wala si mizani.

Niongeze jambo moja la Nairobi. Uwanja uliokuja kupewa jina la Wilson mwaka 1962 uko kama mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Kule juu hewa ni nyepesi. Bawa linapata hewa kidogo ya kushika na injini inapata hewa kidogo ya kuvuta, kwa hivyo ndege inahitaji njia ndefu zaidi. Jua likiwaka, hewa inazidi kuwa nyepesi. Mzigo unaoruka vizuri asubuhi ya baridi unaweza kukataa saa nane mchana, kwenye uwanja ule ule. Ndege ya Kenya Airways ya moja kwa moja kwenda New York, ilipozinduliwa Oktoba 2018, ilipangiwa kuondoka Nairobi usiku, saa ambazo hewa imepoa na ina nguvu zaidi ya kubeba. Kwa hiyo "uzito wa juu kabisa" ulioandikwa kwenye kitabu si ahadi. Siku nyingine mlima na jua hukupunguzia.

Enzi ya wastani

Ndege zikakua. Ukiwa na abiria 150 mlangoni huwezi kumpima kila mmoja, na abiria wenyewe wakaanza kuona haya. Ndipo mashirika yakaanza kutumia wastani: mwanamume kilo kadhaa, mwanamke kilo kadhaa, mtoto kilo kadhaa. Unahesabu vichwa, unazidisha.

Hapa naomba turudi Nunguni, kwa sababu soko letu lina neno linaloeleza hatari hii kuliko kitabu chochote. Neno ni lumbesa. Mkulima anauza kwa gunia, na gunia linajulikana ni kilo 90. Lakini dalali anashonea gunia hilo shingo ya wavu juu, anajaza mpaka linakuwa na kichwa kama mtu, na bado linaitwa gunia moja, kwa bei ya gunia moja. Serikali imepambana nalo miaka mingi, na kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Uovu wa lumbesa hauko kwenye uzito wenyewe. Uko kwenye jina. Kitabu kinasema "gunia 20" na kila anayekisoma anaamini anajua kilo ngapi.

"Abiria 19" nayo ni gunia 19.

Tarehe 8 Januari 2003 ndege ya Air Midwest, safari namba 5481, aina ya Beech 1900D, iliruka kutoka Charlotte nchini Marekani, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka. Watu wote 21 walikufa. Uchunguzi ulikuta mambo mawili yaliyokutana. La kwanza, mafundi walikuwa wamerekebisha vibaya mfumo wa usukani wa mkiani, kwa hivyo rubani hakuwa na nguvu za kutosha za kushusha pua. La pili, kitovu cha uzito kilikuwa nyuma mno. Lakini karatasi ya mzigo ilionyesha kila kitu kiko sawa! Karatasi haikudanganywa na mtu. Ilitumia wastani uliokuwa halali kisheria, ila wastani huo ulikuwa wa zamani. Serikali ya Marekani ikaamuru mashirika ya ndege ndogo yapime abiria kwa sampuli, na ikaonekana mtu mmoja pamoja na vitu vyake alikuwa amezidi makadirio kwa takriban kilo 9. Watu walikuwa wamenenepa. Jedwali halikuwa limenenepa nao.

Tena kumbukeni takwimu za shuleni. Ukiwa na abiria 300, wanene na wembamba wanafidiana. Ukiwa na 12, timu moja ya raga inaharibu kila kitu. Ndiyo sababu ndege ndogo za kwenda mbugani kutoka Wilson zimezoeleka kuwa na sharti la kilo 15 za mizigo, tena kwenye begi laini, na ukikata tiketi unaweza kuulizwa uzito wako.

Hilo la Charlotte ni lumbesa ya bahati mbaya. Afrika tumekuwa na ile nyingine pia, ya kujua. Tarehe 8 Januari 1996, ndege ya mizigo aina ya Antonov An-32 ilishindwa kunyanyuka katika uwanja wa N'Dolo mjini Kinshasa, ikiwa imebeba kupita kiasi. Ilipita mwisho wa njia na kuingia sokoni. Zaidi ya watu 200 walikufa, karibu wote wakiwa watu wa sokoni: wauzaji, wanunuzi, watoto waliotumwa chumvi. Kila ninaposoma habari hiyo naona meza za soko letu.

Na siku ya Krismasi ya mwaka 2003, Boeing 727 iliyokuwa imetoka Conakry ilipakia abiria wengine Cotonou, Benin, iendelee hadi Beirut. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege ilikuwa na uzito uliozidi, na kwamba kitovu chake kilikuwa mbele, jambo ambalo marubani hawakulijua. Walivuta usukani na pua ikawa nzito kuitika. Ndege iligonga jengo dogo la mitambo mwisho wa njia, ikaangukia ufukweni. Zaidi ya watu 130 walipotea. Rubani alifanya hesabu yake kwa namba alizopewa. Namba hizo hazikuwa za ndege aliyokuwa ameikalia.

Enzi ya programu

Sasa tufike kwetu. Karatasi ya mzigo iliyokuwa ikijazwa kwa penseli na rula ikahamia kwenye kompyuta. Hesabu niliyowaonyesha pale juu ni kitanzi kimoja chenye mistari mitano ya msimbo. Mwanafunzi wa muhula wa kwanza anaiandika kabla ya chai ya saa nne. Kompyuta haikosei kuzidisha. Basi makosa yameisha?

Kumbukeni yale mafuta ya lita na kilo. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada, Boeing 767, safari namba 143, iliishiwa mafuta angani katikati ya Kanada. Ilihitaji kilo 22,300. Kipimo cha mafuta ndani ya ndege kilikuwa kimeharibika, kwa hivyo hesabu ikafanywa kwa mkono, na waliohesabu walitumia 1.77 kugeuza lita kuwa uzito. Namba hiyo ni sahihi kabisa, ila ni ya paundi. Ya kilo ni kama 0.8. Ndege ikaondoka na karibu nusu ya mafuta iliyohitaji. Marubani waliielea bila injini hadi uwanja wa zamani wa kijeshi huko Gimli, na hakuna aliyekufa. Kuzidisha kulikuwa sawa. Jina la kipimo ndilo lililopotea njiani.

Ningependa kuwacheka, lakini siwezi. Miaka kadhaa nyuma niliandika programu kwa mnunuzi mmoja wa mboga aliyekuwa akipeleka malori Nairobi. Kazi yake ilikuwa kukadiria mzigo kabla lori halijafika kwenye mizani ya Barabara ya Mombasa. Pale mizani haiangalii jumla peke yake: kila ekseli hupimwa, ili usiweke mzigo wote upande mmoja. Na hivyo ndivyo ndege tupu inavyopimwa, mizani chini ya kila gurudumu, ili ujue uzito na ujue umekaa wapi. Niliandika programu safi, ina michoro, ina rangi. Na juu kabisa ya faili niliandika mstari mmoja: gunia = 90.

Mimi, mtoto wa Nunguni, niliyekaa juu ya lumbesa utoto wangu wote!

Lori la pili kutumia programu yangu lilikamatwa na mzigo uliozidi. Dereva alilala barabarani, mboga zikaoza, mwenye mali akalipa faini. Nilikagua msimbo siku nzima nikitafuta kosa na sikuliona, kwa sababu hesabu yote ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwamba nilimuuliza karani "magunia mangapi?" badala ya "kilo ngapi?" Aliyenipigia simu hakufoka. Alisema tu kwamba dereva amebaki na kompyuta yangu na simu yake, na zote mbili zinamwambia yuko salama. Maneno hayo bado yananikaa.

Kwa hivyo mwaka 2021 wachunguzi wa Uingereza walipotoa ripoti ya safari moja ya shirika la TUI, niliisoma kama barua iliyoandikiwa mimi. Ilikuwa tarehe 21 Julai 2020, Boeing 737 kutoka Birmingham kwenda Palma, Hispania. Programu ya kupokea abiria ilikuwa imeboreshwa. Ilikadiria uzito kwa kuangalia cheo cha heshima kilichoandikwa mbele ya jina. Iliandikwa katika nchi ambako "Miss" ni mtoto wa kike, na mwanamke mzima huitwa "Ms". Uingereza mwanamke mzima anaweza kujiita "Miss" mpaka uzeeni. Programu ikawahesabu wanawake 38 kuwa watoto, kilo 35 kila mmoja badala ya 69. Karatasi ya mzigo ikapungukiwa na kilo 1,244. Kosa lilikuwa limeshagunduliwa siku chache kabla, na bado likapenya.

Hakuna aliyeumia. Nguvu za injini zilizotumika zilizidi kiwango kilichohitajika kwa unywele tu. Lakini tazameni mlolongo wake: uzito wa mwili wa binadamu ulikuwa unasomwa kutoka kwenye neno la adabu. Hapakuwa na mwanya wowote wa kuandika kilo. Ni lumbesa iliyoshonwa na programu, kwa nia njema, na watu kama sisi.

Mizani inarudi

Jambo la kufurahisha ni kwamba mashirika yameanza kurudi kwenye mizani. Mwaka 2023 Air New Zealand ilipima abiria wa safari za kimataifa pale Auckland, na mwaka 2024 Finnair ikafanya hivyo Helsinki, kwa hiari na bila kuandika majina. Si kwamba watapima kila mtu kila siku. Wanataka wastani wao ufanane na watu walio hai leo. Karibu miaka mia baada ya zile ndege za Kisumu, abiria anapanda tena kwenye mizani.

Kwa wale wa programu, nitasema mambo matatu niliyojifunza kwa gharama ya kabichi za mtu mwingine. Kwanza, ukiona kwenye msimbo wako namba isiyobadilika inayowakilisha kitu chenye mwili, iwe gunia, abiria au ndoo, andika ilipimwa lini na nani. Namba hizo huzeeka. Pili, usiruhusu neno likae mahali pa kipimo. "Gunia", "Miss" na "lita" ni maneno ambayo kila mmoja anayasikia kivyake. Tatu, mwonyeshe mtumiaji namba uliyodhania, usimwonyeshe jibu pekee. Kama skrini yangu ingeandika "nimechukulia kila gunia ni kilo 90", karani wa Nunguni angecheka saa ile ile, na lori lingepunguzwa kabla ya kuwasha injini.

Na kwa abiria wa kawaida: siku ukiwa Wilson, karani akuulize una kilo ngapi, usijipunguzie kwa aibu. Hakuulizi kuhusu umbo lako. Yuko kwenye mstari wa tatu wa hesabu ile, na anataka kujua umekaa wapi.

Mjomba amestaafu utingo siku hizi, anafuga nyuki. Nilimsomea makala haya kabla ya kuyaweka hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza yule mamba wa Kongo alikuwa na kilo ngapi. Sikuwa na jibu. Akatikisa kichwa, akasema kama hilo silijui, basi hesabu yangu bado.

Kwa leo naishia hapa. Wenye maswali au masahihisho, karibuni, hasa mafundi na marubani. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.